Korosho za Meno

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita tulimwacha Yuliana ameshika kipanya cha kompyuta. Alikuwa ameandika jina la kikundi cha mama zake kwenye Google, na cha kwanza kujitokeza hakikuwa tovuti aliyoijenga kwa miezi minane. Ilikuwa ni makala ya Kiingereza inayosema wanawake wa Newala hubangua korosho mbichi kwa meno. Chini yake palikuwa na jina la mwandishi, na jina lenyewe lilikuwa lake.

Wapo wasomaji walionipigia simu wakiapa kwamba mkosaji ni yule mnunuzi wa kangomba, anayepima korosho kwa bakuli kwa bei ya kutupa, aliyefukuzwa katika sehemu ya tatu. Poleni. Mkosaji alikuwa amekaa hatua mbili nyuma ya Yuliana, anakunywa chai ya tangawizi, na alikuwa anacheka.

Kama leo ndiyo kwanza unafungua ukurasa huu, usihangaike. Yuliana ni binti wa kijijini Lulindi aliyelelewa Newala na Mama Anselmo, dada mkubwa wa marehemu mama yake. Mama Anselmo ndiye mwenyekiti wa Kikundi cha Subira, wanawake kumi na wanne waliokataa kuuza korosho ghafi na badala yake wakaamua kubangua wenyewe. Kiwanda cha zamani kimelala tangu kibinafsishwe, soko limefunguliwa, kila mwenye lori ni mnunuzi, basi na wao wakasema wajaribu. Msimu mzima wamezishikilia korosho zao wakimsubiri mnunuzi mmoja tu, Bi Hanna wa Uholanzi. Bi Hanna aliandika kwamba kabla hajaamua atawatazama kwanza kwenye mtandao. Akiwakataa, kikundi kimekufa, na wanawake watarudi kupanga foleni mbele ya bakuli.

Sasa turudi Mkomaindo, Masasi, kwenye duka la intaneti la Lukmani, lenye kompyuta sita na jenereta moja yenye kelele kuliko wateja wake.

"Ni wewe?" Yuliana aliuliza bila kugeuka.

"Ni mimi, mtani. Imekaa vizuri, eh?"

Neno mtani hapo si la mdomoni tu. Ukoo wa Lukmani na ukoo wa Yuliana ni watani tangu enzi za mababu. Alipofariki babu yake Yuliana, Lukmani alijilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na wafiwa wakajikuta wanacheka katikati ya kilio. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Anakutukana mbele za watu, anakuchafua, na wewe huna ruhusa ya kununa.

Lakini siku hiyo Yuliana alinuna. Alimwambia asome tena kile alichokiandika, kwa sauti, na Lukmani akasoma huku kicheko kikimpungua aya baada ya aya. Makala ilieleza kwa uso mkavu kabisa jinsi mama wa Newala anavyoiweka korosho mbichi kwenye magego, anavyoivunja kwa pigo moja, na anavyoitema lozi ya ndani ikiwa nzima. Ilisema mabinti hufundishwa kazi hiyo tangu wakiwa wadogo. Ilisema hata mwanaume huchagua mchumba kwa kumhesabu meno.

Ili umwelewe Lukmani, lazima kwanza uzijue saraka za makala, na mimi nilizijua kwa taabu, kwa hiyo nitakueleza kwa kifupi. Ni maghala ya maandishi yaliyoko kwenye mtandao. Unaandika makala yako, unaiweka humo bure, na mwenye tovuti yeyote duniani anaruhusiwa kuichukua akaibandika kwake. Sharti ni moja, asikiondoe kiungo kilicho chini, kile ambacho msomaji akikibonyeza kinamleta kwako. Kila kiungo ni shahidi wako. Google inahesabu mashahidi, na mwenye mashahidi wengi hukaa juu.

Yuliana alikuwa na daftari lenye majina ya saraka tano tu. Alizichagua kwa sababu zina mhariri, mtu mwenye macho, anayesoma kabla ya kukubali. Humo alipeleka makala zake sita kuhusu korosho na afya ya moyo, namna ya kuhifadhi korosho, mambo ya namna hiyo. Kwa miezi miwili tovuti tatu tu ndizo zilizozichukua, na Kikundi cha Subira kilikuwa ukurasa wa kumi na moja wa Google, mahali ambapo hata mwenyewe alichoka kabla ya kufika.

Lukmani alimwonea huruma, na huruma ya mtani ina mambo yake. Neno la siri la Yuliana alilijua, kwani ndiye aliyemsaidia kujiandikisha. Akaandika kitu cha kuchekesha, akakipeleka kwenye saraka sitini na moja zisizo na mlinzi wala mlango.

"Mimi nilichagua kama tunavyochagua pa kuuzia korosho," alijitetea. "Penye magunia mengi ndipo nilipopeleka. Si ulitaka viungo? Nenda kahesabu viungo vyako sasa."

Yuliana alivihesabu. Vilikuwa zaidi ya mia tatu.

"Na meno, Lukmani?"

"Meno ni utani. Nani asiyejua kwamba ukiuma korosho mbichi mdomo unaungua? Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua."

"Mzungu hajui."

Hapo Lukmani aliweka kikombe chini. Nadhani ndipo ilipomwingia kwamba huko alikopeleka utani wake hakuna watani. Huku kwetu mtu angeisoma makala ile, angecheka hadi machozi, kisha angetafuta la kumjibu Lukmani. Kule walimwamini. Mwenye tovuti ya mapishi aliibandika, wa utalii akaibandika, na kuna daktari wa meno wa Australia aliyeibandika akaongeza ushauri wake.

Yuliana alianza kwa kufuta. Alikaa kwenye kiti kile kuanzia asubuhi, na Lukmani akampa kompyuta bila malipo, jambo lisilowahi kutokea pale dukani. Saraka zenyewe zilikubali, akafuta moja baada ya nyingine mpaka zote sitini na moja zikaisha. Ila waliokwisha kuchukua walikuwa wamechukua. Aliwaandikia kumi, wawili wakajibu, na mmoja wa hao alijibu kwamba makala hiyo ndiyo inayosomwa kuliko zote alizonazo, kwa hiyo haondoi kitu.

Kama huwezi kulifuta, lifukie. Ndivyo alivyofikiri, na akafikiri vizuri. Aliandika ukweli. Aliandika jinsi mama zake wanavyozikaanga korosho kwenye pipa lililokatwa, wanavyojipaka jivu mikononi mafuta ya ganda yasiwachubue, wanavyozipasua kwa rungu dogo juu ya jiwe, wanavyomenya ganda laini, wanavyotenga nzima na vipande. Akatia na majina ya wanawake wote kumi na wanne. Akalirudia daftari lake la saraka tano.

Lukmani alimsihi apeleke hata na kwenye zile sitini na moja, kwani mashahidi ni mashahidi. Yuliana akamwambia gunia la korosho safi likichanganywa na mbovu halipandishi daraja la zile mbovu, linashuka lote. Lukmani amezaliwa kwenye mikorosho, kwa hiyo hakubisha.

Siku tatu zikapita. Saraka mbili zilinyamaza. Ya tatu ilitaka kulipwa. Ya nne ilikubali, makala ikatokea ukurasa wa tisa, mbali kabisa na macho ya Bi Hanna. Mhariri wa ya tano alikuwa makini kweli, na Yuliana alimchagua kwa sababu hiyo, lakini umakini ule ukamgeukia. Aliandika mistari miwili. Alisema mwandishi wa jina hilihili ameshaieleza dunia nzima kwamba korosho hizo hubanguliwa kwa meno, na saraka yake haipokei mtu anayesema mawili. Akaufunga ukurasa wa Yuliana moja kwa moja.

Yuliana alilia pale dukani mbele ya wateja. Siyo kilio cha kelele, machozi tu yanayoshuka mtu akiwa anaendelea kuandika. Maisha yake yote alikuwa yule binti mwenye Kiingereza safi, anayeaminiwa kusoma barua za watu, na sasa jina lake lilikuwa jina la mwongo kutoka Australia hadi Kanada.

Jumanne ikaingia barua pepe ya Bi Hanna.

Yuliana aliogopa kuifungua. Lukmani ndiye aliyebonyeza, kisha akasoma, kisha akaanza kurukaruka kati ya kompyuta. Bi Hanna hakuwa amekasirika. Bi Hanna alikuwa amefurahi kupita kiasi. Alisema miaka sita anatafuta kitu chenye asili, kitu ambacho mashine haijakigusa, na sasa amekipata. Anazitaka korosho zote za Subira za msimu huu na za msimu ujao. Amekwisha fika Dar es Salaam. Alhamisi atalala Ndanda, na Ijumaa saa nne atapanda Newala na kamera, apige picha za wanawake wakibangua kwa meno, picha ziwekwe kwenye kila pakiti.

"Si nilikwambia?" Lukmani alisema. "Mtani hakuharibii."

Yuliana hakumsikia. Vidole vyake vilikuwa tayari vinaandika jibu. Aliandika kwamba makala ile ni mzaha, kwamba hakuna mtu anayeweza kuuma korosho mbichi, kwamba anaomba radhi. Ilikuwa barua fupi na nzuri. Alibakiza kubonyeza mara moja tu.

Jamani, angebonyeza. Ninaandika haya moyo unaniuma, maana angebonyeza, leo tungekuwa tunasimulia mengine. Lakini Yuliana amelelewa, na mtu aliyelelewa hafanyi jambo la wakubwa bila kuwauliza wakubwa. Akachukua simu akampigia Mama Anselmo.

Alimsalimia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamweleza yote kuanzia utani wa Lukmani mpaka kamera. Upande wa pili palikuwa na upepo, kwa kuwa Mama Anselmo husimama juu ya kichuguu ndipo mtandao ushike.

"Akijua si kweli, atakuja?" mama mkubwa aliuliza.

"Sijui, mama."

"Atanunua?"

"Sijui. Anapenda hayo meno."

"Basi usiandike kwanza. Ngoja niongee na wenzangu."

Yuliana akangoja. Jumatano akangoja, Alhamisi akangoja, barua yake ipo palepale haijaenda. Alipopiga, simu ya Mama Anselmo ilikuwa imezimwa. Alijiambia wamekaa kikao, wataamua kumweleza mgeni ukweli uso kwa uso, kama watu wazima. Mtu akiogopa jambo hujitungia maneno ya kujituliza, na Yuliana aliyatunga mengi.

Ijumaa asubuhi Lukmani alifunga duka, akampakia kwenye pikipiki yake, wakaanza kuupanda mlima kwenda Newala. Njiani hawakuzungumza. Mara moja tu Lukmani aligeuza kichwa akasema kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia Bi Hanna, kwani yeye ndiye aliyeandika. Yuliana akamjibu atazame barabara.

Walifika saa tatu na nusu. Wanawake wa Subira walikuwa wamekaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba ya Mama Anselmo, wamevaa khanga za sikukuu, na hakuna hata mmoja aliyepiga kigelegele kumpokea binti yao. Pipa la kukaangia halikuonekana. Mawe na marungu hayakuonekana. Katikati palikuwa na ungo mmoja wa korosho mbichi, umewekwa juu ya kitambaa cheupe.

Mama Anselmo alikaa mwishoni, khanga ameipitisha mdomoni kama mtu anayezuia vumbi.

"Shikamoo mama," Yuliana alisema.

Mama Anselmo aliinua mkono badala ya kuitika. Yuliana alishtuka, maana tangu azaliwe hajawahi kutoa shikamoo kwa mama huyu ikakosa marahaba. Alipiga magoti mkekani, akaishika ile khanga, akaishusha taratibu.

Midomo ilikuwa imevimba hadi imepinduka. Ngozi ilikuwa nyeusi kama iliyoshikwa na moto, imechanika pembeni, na malengelenge yalishuka mpaka kidevuni. Ndani, fizi zilikuwa mbichi.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimejifunza," Mama Anselmo alisema. Maneno yalimtoka kwa shida, mate yakimtiririka. "Tangu Jumatano. Nimeweza saba."

Yule aliyekaa karibu naye, Isabela, alieleza huku anatazama chini. Walikuwa wamekubaliana wapige kura wapate mmoja wa kuuma mbele ya kamera, lakini Mama Anselmo hakuruhusu kura. Alisema wengine wananyonyesha, wengine wana waume, na yeye ni mjane ambaye midomo yake haina kazi nyingine. Alisema yeye ndiye aliyewaambia wazizuie korosho zao msimu mzima, kwa hiyo yeye ndiye atakayezibangua kama mgeni anavyotaka.

"Mbona hata hukuzikaanga kwanza?" Yuliana alilia. "Ungezikaanga, mama, mafuta yangepungua."

"Umesema makala imesema mbichi."

Lukmani alikuwa amesimama nyuma, kofia ya pikipiki mkononi. Mama Anselmo alimwona, na macho yake yakafanya kitu kama kutabasamu, kwa kuwa utani ni utani hata mdomo ukiwa kidonda.

"Mtani," alimwambia, "umeninyima hata uji."

Lukmani aligeuka akaenda kusimama kwenye uzio, ameinamisha uso, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sijapata kusikia mtani aliyeshindwa kujibu, na sitaki kusikia tena.

Yuliana aliinuka. Alisema yatosha, mama anapelekwa hospitali sasa hivi, mgeni akija atamkuta amekwisha ondoka. Alimwita Lukmani alete pikipiki. Lukmani akaja mbio, lakini Mama Anselmo aliurudisha mguu wake chini ya khanga akakaa imara.

Gari lilisikika kabla hawajamaliza kubishana. Lilikuwa jeupe, limejaa vumbi jekundu la kutoka Masasi, nalo lilikuwa limewahi kwa robo saa. Akashuka mwanamke mrefu mwenye mvi, viatu vya kutembelea, kamera shingoni. Alisalimia kwa Kiswahili cha kujifunza, habari za asubuhi, habari za nyumbani, akamshika kila mwanamke mkono, kwa heshima kabisa. Huyu hakuwa mtu mbaya, msomaji wangu. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Mama Anselmo alikuwa ameipandisha tena khanga yake. Kabla Yuliana hajapata upenyo wa kusema neno, mama alijisogeza mpaka kwenye ungo, akachagua korosho moja, akaifuta, akashusha khanga, akaiweka kwenye magego. Ilisikika ikivunjika. Aliitema lozi kiganjani, nzima, nyeupe, akamnyooshea mgeni. Chozi moja lilimtoka, akalifuta kwa bega.

Bi Hanna aliipokea. Kamera yake ilikuwa tayari imefika usoni, kisha ikabaki hapo bila kulia. Akaishusha. Aliinama karibu na Mama Anselmo, akaitazama ile midomo kwa muda, akamgeukia Yuliana na kumwomba kwa Kiingereza amuulize mama kama inauma.

Yuliana akatafsiri.

Mama Anselmo alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo Yuliana hakujua kwamba bado anayo.

"Mwambie haiumi," alisema. "Mwambie ndivyo tulivyolelewa. Yuliana, mwanangu, sijawahi kukuomba kitu. Mwambie hivyohivyo nilivyosema."

Wanawake kumi na watatu walimtazama Yuliana. Pale hakuna aliyejua Kiingereza ila yeye na Lukmani, na Lukmani alikuwa hawezi kusema. Angeweza kusema lolote. Angeweza kumwokoa mama na kukiua kikundi, au kukiokoa kikundi na kumwacha mama aume korosho msimu huu na msimu ujao. Mkono wa mama ulikuwa bado umemshika.

"Anasema haiumi," Yuliana alimwambia mgeni. "Anasema ndivyo walivyolelewa."

Alitafsiri neno kwa neno, hakuongeza, hakupunguza.

Bi Hanna hakuinua tena kamera. Alimtazama Mama Anselmo, akaitazama ile lozi kiganjani mwake, kisha akayarudisha macho kwa Yuliana, na hakuyaondoa tena.

"Kama haiumi," alisema, "mbona wewe unalia?"